KOMPYUTA KUUKUU SI TAKATAKA
Faranga chache, zikitumiwa kwa akili, zaokoa kibanda cha kuchapa huko Kanama

Msafiri atokaye Musanze kwenda Rubavu, akishayaacha nyuma mashamba ya viazi ya nyanda za juu na kuanza kuteremka kuelekea ziwa Kivu, hupita katika tarafa ya Kanama. Hapo ndipo penye mji mdogo wa Mahoko na soko lake, na hapo jirani ndipo upitapo mto Sebeya. Kandokando ya barabara kuu, baina ya maduka ya nguo na ya vyakula, hapakosi kibanda cha kuchapa. Bidhaa ya kibanda hicho si sukari wala chumvi. Ni kompyuta moja ya mezani, printa, na mashine ya fotokopi.

Mtu asiidharau biashara hiyo. Kijana aliyemaliza masomo huandikiwa hapo barua ya kuombea kazi. Wauzianao shamba huchapiwa hapo mkataba wao. Asiye na simu ya kisasa, au aliye nayo lakini hajui kuitumia kwa mambo mazito, huombewa hapo vyeti vya serikali kwa njia ya Irembo, mtandao ambao tangu mwaka 2015 umekuwa mlango wa huduma nyingi za dola nchini Rwanda. Basi kompyuta ikigoma katika kibanda kama hicho, si mwenye kibanda peke yake apatwaye na hasara, bali kijiji kizima hukwama pamoja naye.

Leo tumeazimia kuzungumza juu ya kompyuta moja ya namna hiyo, na juu ya faranga 60,000 zilizotosha kuifufua. Si kwamba kompyuta hiyo ina ajabu yoyote. La hasha! Tunaizungumzia kwa sababu ziko nyingi mfano wake, tangu Kanama hadi Kigoma na Kisumu, na wenyewe hawajui wazitupe au wazitibu.

DAKIKA SITA ZA KUNGOJA

Tulipoingia kibandani asubuhi, mama mwenye kibanda alikuwa ndiyo kwanza abonyeze kitufe cha kuwashia. Tulitazama saa. Zilipita dakika sita kabla ya kompyuta kuwa tayari kuandika neno moja. Wateja walikuwa watatu. Mmoja alivumilia, wawili wakaaga kwa adabu na kuondoka. Hapana shaka walikwenda kwa jirani.

Mama huyo alitueleza kwamba muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amemshauri aitupe mashine hiyo na kununua mpya, kwa bei iliyozidi mara nyingi akiba yake yote. Akiba yenyewe ilikuwa faranga 60,000, alizoziweka kidogo kidogo kwa miezi mingi. "Hii ndiyo inayowasomesha wanangu," alisema, huku akiigusa kwa kiganja kama mtu amgusaye mgonjwa. "Nikiitupa na mpya nisiipate, nitafunga mlango."

Tulikuwa tumefuatana na kijana mmoja fundi. Mama akamwuliza, "Mwanangu, niende mjini nikanunue nini?"

"Usinunue kitu bado, mama," kijana akajibu. "Kwanza tujue inaumwa wapi."

Jibu hilo, kwa maoni yetu, ndilo lililoiokoa akiba ya yule mama. Watu wengi huanza na dukani. Husikia kwamba jirani ameongeza kifaa fulani na mashine yake ikaenda mbio, nao hukimbilia kukinunua kifaa kile kile, kumbe kompyuta yao ina maradhi mengine. Wanunuavyo dawa ya macho, ndivyo mguu uzidivyo kuvimba.

MARADHI KABLA YA DAWA

Mashine ile ilikuwa Dell OptiPlex 7010, aina iliyotolewa mwaka 2012, ambayo mama aliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini kwa miaka kadhaa. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i3-3220, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500.

Ili msomaji asiyezoea mambo haya asitupotee njiani, na aifikirie kompyuta kuwa ofisi ya karani mmoja. Prosesa ndiye karani mwenyewe afanyaye kazi. RAM ni meza yake, ambapo hutandaza karatasi anazozishughulikia sasa hivi. Diski ni kabati lililoko ukutani, ambamo karatasi zote hulala ofisi ikifungwa. Karani anaweza kuwa hodari kupindukia. Lakini ikiwa meza yake ni ndogo kama kigoda, atashinda mchana kutwa akienda na kurudi kabatini. Na ikiwa kabati lenyewe lina mlango mzito, basi kazi yake itakuwa kungoja tu.

Fundi aliiacha kompyuta ifanye kazi zake za kawaida, kisha akabonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Hapo hufunguka dirisha lionyeshalo kila kiungo kinajishughulisha kwa kiasi gani. Tuliona kwa macho yetu: prosesa ilikuwa haijafika hata robo ya uwezo wake, kumbukumbu ilikuwa karibu kujaa, na diski ilisimama kwenye asilimia 100, haishuki. Karani alikuwa amekaa bure akilisubiri kabati. Mtu ambaye angemwuzia mama yule prosesa mpya siku hiyo angekuwa amempa karani wa pili wa kusubiri pamoja na yule wa kwanza.

Lilionekana na jambo jingine dogo. Kila kompyuta ilipochomolewa kwenye umeme, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, na tovuti nyingi zikakataa kufunguka. Mama alidhani mtandao ndio mbovu. Kumbe tovuti za siku hizi huwa na hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba huu ni mwaka 2012 huiona hati hiyo kuwa bado haijaanza kazi, nayo hukataa kuiamini. Dawa yake ni betri ndogo mviringo kama sarafu, iitwayo CR2032, inayokaa juu ya bodi kuu. Bei yake haifiki hata gharama ya nauli ya kwenda kuilalamikia kampuni ya simu.

DISKI NDIYO YA KWANZA

Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba unaokwenda huku na huko kutafuta habari. Kila safari ya mkono huo, pamoja na kuisubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa, huchukua kiasi cha sehemu kumi au zaidi za elfu moja ya sekunde. Kwa masikio ya binadamu hiyo si kitu. Lakini maana yake ni kwamba diski haiwezi kufanya safari nyingi kupita mia moja hivi kwa sekunde, na kompyuta inapoamka huhitaji safari maelfu kwa maelfu.

Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Habari zake hukaa katika chembe za umeme, nayo hufanya maelfu mengi ya safari kwa sekunde moja. Hii ndiyo sababu mafundi, popote uendapo, hukubaliana juu ya jambo hili: katika kompyuta kuukuu yenye diski ya kuzunguka, faranga ya kwanza iende kwenye SSD. Hata mashine za miaka ya 2008 na 2009, ambazo njia yake ya diski hupitisha nusu tu ya mwendo wa SSD ya kisasa, huona nafuu kubwa, kwa sababu kilichokuwa kikiwachosha si wingi wa mzigo bali wingi wa safari.

Mnunuzi aangalie mambo mawili. Kwanza, anunue ile ya inchi 2.5 yenye kiungo cha SATA. Zipo SSD nyembamba kama kipande cha ubao wa chokoleti, na mashine nyingi za zamani hazina tundu la kuzipokea. Pili, ajihadhari na bei ya kutupa. Zimo sokoni diski zilizoandikwa gigabaiti nyingi ambazo ndani hazina hata robo yake. Heri SSD ya gigabaiti 240 ya kweli kuliko ya 2,000 ya uongo. Kibanda cha kuchapa hakihitaji zaidi ya hiyo, maana barua na mikataba ni vitu vyepesi.

KUMBUKUMBU, NA MITEGO YAKE

La pili lilikuwa meza ya karani. Gigabaiti 4 zilitosha zamani, lakini leo tovuti tatu au nne zikifunguliwa kwa pamoja meza hujaa, na kompyuta hulazimika kuzirundika karatasi kabatini. Gigabaiti 8 kwa kibanda cha kuchapa ni kadiri ya haja.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. RAM hazifanani, ingawa kwa jicho la haraka zaonekana ndugu. Mashine ile hutumia DDR3. DDR4, iliyoanza kuenea tangu mwaka 2014, haiingii, kwa kuwa pengo lililokatwa chini yake liko mahali pengine. Kuilazimisha ni kuivunja bodi. Kadhalika RAM ya kompyuta ya kupakata ni fupi, haikai katika kompyuta ya mezani. Tena zipo RAM zilizotolewa katika mitambo mikubwa ya seva, ambazo huuzwa rahisi mno. Huingia vizuri tunduni, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki nazo. Basi njia iliyo salama ni kukichomoa kipande kilichomo na kwenda nacho dukani, kama mwanamke aendavyo na kipande cha kitambaa ili apate rangi ile ile.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda ulimwenguni kote, kwa vile viwanda vilielekeza nguvu zao katika kuihudumia mitambo mikubwa ya akili mnemba. Kwa mwenye mashine ya DDR3, vipande vilivyokwisha kutumika ndiyo kimbilio. Havina ubaya wowote: RAM haina kiungo kinachosagika, nayo aghalabu ama huwa nzima ama huwa imekufa. Cha muhimu ni kuijaribu kabla ya kulipa.

PROSESA NA ISUBIRI

Mama aliuliza juu ya prosesa, na swali lake lilikuwa la haki. Katika bodi ile inawezekana kuiondoa Core i3 yenye viini viwili na kuiweka Core i5-3470 yenye viini vinne, kwa maana zote mbili ni za kizazi cha tatu na hukaa katika tundu moja. Haiwezekani kuweka ya kizazi cha nne, kwani tundu lake ni jingine. Lakini fundi alimkumbusha tulichokiona: karani hakuwa na shida. Kwa mtu ahaririye picha za video shauri lingekuwa jingine. Kwa achapaye barua, fedha hiyo ingekwenda bure.

Badala yake fundi aliipuliza mashine vumbi. Alichomoa waya wa umeme kwanza, akashika chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiviunguze vipuri, akaitoa feni, akaifuta ile pesti ya zamani iliyokauka kama udongo juu ya prosesa, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Prosesa ipatayo joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenyewe hudhani imezeeka.

SUALA GUMU LA WINDOWS

Tusimdanganye msomaji kwamba vipuri humaliza kila kitu. Kompyuta ile ilikuwa na Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipatia Windows 10 matengenezo ya usalama ya kawaida. Walioandikisha nyongeza waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Windows 11, kwa upande wake, huhitaji kipuri cha usalama kiitwacho TPM cha namba 2.0, na prosesa ambazo kwa Intel huanzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2012, hata ukiijaza kumbukumbu hadi juu, haimo katika orodha hiyo.

Mashine inayopokea namba za vitambulisho vya wananchi haifai kuachwa bila ulinzi. Njia iliyobaki ni Linux, programu ya msingi ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, na ambayo hutolewa bure. Fundi alichagua Linux Mint pamoja na LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo hufungua barua za Word, ingawa mara nyingine mistari na majedwali husogea kidogo na huhitaji kupangwa upya.

Wema wa Linux ni kwamba yaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo. Ndivyo walivyofanya. Walijaribu printa kwanza, maana printa nyingine hazielewani nayo, na kibanda cha kuchapa kisicho na printa si kibanda. Karatasi ilipotoka, mama akasema, "Haya, weka." Siku za mwanzo alinung'unika kwamba vitu vimehamishwa mahali pake. Tulipopita tena baada ya majuma mawili, hakuwa akinung'unika tena, alikuwa akiandika.

MALI KWA DAFTARI

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. SSD ya gigabaiti 240, faranga 30,000. Kipande cha RAM cha gigabaiti 4 kilichotumika, kuongezea kile kilichomo, 8,000. Pesti, 2,000. Betri, 1,000. Ujira wa fundi, 10,000. Flashi ya kuhifadhia nakala, 7,000. Jumla 58,000. Bei hizo ni za siku ile na duka lile. Msomaji asizishike kama sheria. Linalofaa kushikwa ni mpangilio wake. Na ile kompyuta, iliyokuwa ikingojwa dakika sita, sasa huamka kabla mteja hajamaliza kusalimia.

Pengine mtu atauliza: Flashi ya nini, na diski ya zamani bado ipo? Wakazi wa bonde la Sebeya hawana haja ya kuelezwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko katika Rwanda ya magharibi na kaskazini, watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha, na Sebeya ulipovunja kingo zake ulizichukua nyumba na mali katika Rubavu. Mali yaweza kununuliwa tena. Mkataba wa mtu uliokuwa katika diski moja iliyozama haununuliki. Kwa hiyo kasha la kompyuta likae juu ya meza, si sakafuni, na nakala zilale nyumbani, si kibandani.

Juu ya diski ya zamani liko neno jingine. Ndani yake mna majina, namba na siri za watu, na tangu mwaka 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Diski kama hiyo haitupwi jalalani. Ifutwe kikamilifu, au ivunjwe sahani zake. Vipuri vilivyokufa navyo vina madini yenye sumu, na nchini Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve, katika wilaya ya Bugesera, kinachopokea na kuchambua taka za umeme.

WAKATI WA KUACHA

Je, kila kompyuta kuukuu itibiwe? Hapana. Sisi tungeshauri hivi: gharama ya matibabu ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine nzuri zaidi iliyotumika, mgonjwa aachwe apumzike. Ikiwa bodi kuu imeungua, au ikiwa RAM yake ni DDR2, ambayo ni adimu na ya uwezo mdogo, fedha ya kipuri ni heri iwekwe akiba. Hata mashine ya mama yule haikupewa uzima wa milele. Imepewa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo faranga zitokazo katika barua na mikataba zaweza kununua ile nyingine bila ya mkopo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao usifumwe pale ulipochanika. Mama wa Kanama aliufuma mahali palipokuwa na tundu, hakuzidisha uzi, na mlango wa kibanda chake uko wazi. Watoto, tulivyoambiwa, wako shuleni.